Buli la Jangwa Lisilo na Ngamia

Ukipita katika maduka ya sanaa hapa Arusha, hukosi kuona seti ya chai ya udongo iliyofinyangwa kwa mkono na kunadiwa kuwa ni ya jangwa: buli la rangi ya mchanga, vikombe visivyo na mikono, na ngamia watatu wanaofuatana kuelekea jua linalozama. Ufundi wenyewe siugombi. Kufinyanga mdomo wa buli ukakaa sawasawa na shingo yake, kisha ukatoka tanurini bila ufa, si kazi ya mchezo. Ugomvi wangu ni na hao ngamia.

Watuareg, watu wa Sahara hasa, huchemsha chai yao ya kijani katika birika dogo la chuma juu ya makaa na kuinywa kwa bilauri ndogo. Mfinyanzi anayetengeneza seti ya jangwa, basi, haigi vyombo vya huko. Anachoazima ni sura ya nchi tu. Na kama ni sura ya nchi, kwa nini aifuate mbali wakati ukipita Mto wa Mbu na Engaruka unashuka hadi Ziwa Natron, penye ukame, vumbi na magadi yaliyoganda? Ol Doinyo Lengai, mlima unaolikabili ziwa hilo, hutoa lava ya aina ambayo haitoki katika volkano nyingine yoyote hai duniani: hutiririka ikiwa nyeusi kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, kisha ikikutana na unyevu hupauka na kuwa nyeupe. Karibu na Olduvai kuna rundo la mchanga mweusi wa majivu ya volkano, lililopinda kama mwezi mwandamo, ambalo upepo hulihamisha kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa mita 17 kwa mwaka. Mkunjo huo ungefaa sana kuwa mkono wa buli.

Magadi yenyewe, ndugu wa haya tunayolainishia makande, yana historia ndefu katika kazi ya moto. Wamisri wa kale walichanganya magadi ya jangwani kwao na mchanga uliosagwa, wakapata vyombo na shanga zenye utando wa kioo wa buluu. Mchanga peke yake huhitaji joto la nyuzi 1,700 hivi ili uyeyuke, lakini ukiwa na magadi huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Ila glezi, yaani utando huo wa kioo, ikiwa na magadi mengi, ikipoa, husinyaa kuliko udongo ulio chini yake na kufanya mtandao wa nyufa nyembamba, mfano wa gamba la chumvi ukingoni mwa ziwa. Kwa nje ni pambo zuri ambalo brashi haiwezi kulichora. Kwa ndani ni balaa, kwa sababu maziwa huingia katika nyufa hizo na baada ya wiki chache kikombe hunuka hata kikisuguliwa vipi. Ndani ipakwe glezi nyingine, laini na tulivu.

Hapo ndipo waagizaji wengi wanapokosea. Wachina wa Yixing huacha mabuli yao bila glezi, na yanawafaa kwa kuwa chai yao haina maziwa. Chai yetu hupikwa sufuriani pamoja na maziwa na tangawizi, ikachujwa, kisha ikamiminwa ikiwa moto wa kuunguza vidole. Kikombe kisicho na mkono kwa chai ya namna hiyo ni adhabu kwa mgeni. Tena udongo uliochomwa kwa moto mdogo hubaki na vinyweleo. Nisingetia chai ya maziwa kila siku katika chombo ambacho hakikufika nyuzi 1,200 hivi, na udongo wenyewe lazima uwe wa kuhimili joto hilo. (Vyungu vya akina mama wa Upare vinavyochomwa kwa kuni mahali pa wazi ni habari nyingine, kazi yake ni kupikia, navyo huifanya vizuri.)

Hoteli inayotaka seti ya jangwa ingeanza kwa kuagiza vikombe sita vyenye mikono na buli la lita moja na nusu, lenye mdomo mpana na ukingo mkali ili chai isitiririke shingoni. Nje liwe jeusi linalopauka kuelekea chini, na kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe mfinyanzi alijaze maji na kuyamimina mbele yake.