Ati tufanye kazi nyumbani, na watoto je?

Jumapili ile ya Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alisema mambo mawili kwenye hotuba moja na sidhani kuna mtu pale aliyeyaweka sako kwa bako akayaangalia. La kwanza, shule zifungwe, za kutwa kuanzia kesho yake. La pili, ofisi na makampuni yawaache watu wafanyie kazi nyumbani. Corona haikuwa na mjadala, sote tuliitikia, lakini mama yeyote mwenye mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, alikuwa ashapiga hesabu kabla hotuba haijaisha: huyu mtoto na hiyo kazi vitakuwa nyumba moja, saa zilezile, na mimi ni mmoja.

Sasa mimi msimamo wangu ni huu na sijaubadilisha tangu wakati ule. Kulea mtoto mdogo ni kazi, na kazi ni kazi, na bosi anayekwambia uzifanye zote mbili kwa saa moja huku target ikibaki palepale, huyo anakuibia, hata kama anakuibia kwa heshima na "pole mamake fulani" nyingi.

Niko kwenye mambo ya kliaringi, yaani kuwatolea wateja mizigo bandarini, hapa Mombasa. Bandari haikufungwa, meli ziliendelea kuja, na kontena haijui habari ya mtoto wako, siku za bure zikiisha storeji, ada ya kukaa bandarini, inaanza kuhesabiwa na mteja anakupigia wewe, hapigii serikali. Kwa hivyo ile meza ya kulia chakula ikawa ofisi, na kijana wangu wa miaka minne akahamia chini yake na malori yake, kanishika mguu. Siku nzima ananisikia nikiwasomea wenzangu namba za kontena kwenye simu, herufi nne halafu tarakimu saba, na bas, akawa anazikariri, M-S-K-U, T-C-L-U, lori likipita kwenye zulia lazima kwanza lisomewe namba. Mwalimu alipotuma voice note ati watoto waimbe a e i o u, kijana wangu akakataa kabisa, kwake yeye alfabeti inaanza na M. Tulicheka sana. Lakini nawaambia ukweli, hicho ndicho kitu pekee alichofundishwa na mimi mchana, na alijifundisha mwenyewe.

Manake hebu tuongee kuhusu hayo masomo. KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, walikuwa na vipindi Redio Taifa na kwenye runinga Edu Channel, na siwabezi, kwa mtoto wa darasa la nane anayekaa mwenyewe na daftari ni kitu cha maana. Mtoto wa PP1 lakini hakai mbele ya redio asome! Anataka mtu. Halafu zikaja kazi za grupu la WhatsApp, mama mkatie boksi atengeneze nyumba, mpige picha akifagia, mpige picha akimwagilia mmea, tuma kabla ya saa sita. Nani huyo atamkatia boksi? Mimi, ambaye saa hiyohiyo niko kwenye mitingi nimezima kamera nikiomba Mungu asipige kelele kutoka chooni. Na atapiga. "Mamaaa nimemalizaaa!" Mzazi wa mtoto mdogo hahitaji kuelezwa hii, na bosi wake pia ashaisikia, anajifanya tu ni netiwaki.

Watu wa Pwani tulikuwa na letu zaidi. Hapa mtoto akitoka shule anakwenda chuoni, yaani madrasa, ndio hapo mama anapata saa mbili tatu za kupumua, na chuo nacho kilifungwa. Bibi yao yuko Malindi, ungesema peleka watoto kwa bibi, lakini kuanzia Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikawa hakuna kuingia hakuna kutoka. Kwa hivyo ule mtandao wote tunaotegemea, bibi, shangazi, jirani, ustadhi, ulikatika kwa mpigo mmoja, na Ramadhani ikatukuta humohumo. Kina mama wengi ninaowajua kazi ya akili walikuwa wanaanza saa nne usiku watoto wakishalala, kafyu nje, kimya, unaandika mpaka macho yanauma, alfajiri mtoto yuko juu ya kichwa chako anataka uji. Asubuhi unaambiwa na watu wa ofisini "nyinyi mlioko nyumbani mnafaidi".

Na dada wa kazi? Nilisoma wakati ule wenzangu wakijisifu wanavyomudu, nikawa naangalia picha nyuma naona mkono wa mtu amemshika mtoto. Wengi waliomudu walimudu kwa sababu kuna mwanamke mwingine kwenye ile nyumba, na huyo off yake ya Jumapili ilipotea kwa sababu eti asitoke akaleta ugonjwa, na watoto wake yeye vilevile walikuwa shule imefungwa, wako kijijini na mama yake. Mshahara ulikuwa uleule, na mara nyingine ulipunguzwa kwa sababu mabosi nao walipunguziwa. Siwezi kuandika habari hii nikamruka.

Kuhusu kina baba nitasema kidogo tu maana wangu husoma hapa. Nyumba nyingi zilikuwa na chumba kimoja chenye mlango unaofungika na mtajua wenyewe nani alikuwa ndani.

Turudi kwenye sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi. Inakupa miezi mitatu ukijifungua, baba wiki mbili. Mtoto akishatembea, sheria imemaliza na wewe, hakuna kifungu kinachokupa ruhusa kwa sababu serikali yenyewe imefunga shule. Sasa weka hizo siku 21 upande mmoja, upande wa pili weka huu muda: Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, hao wengine wote, wakiwemo hawa wadogo wasioweza hata kujifunga viatu, mpaka Januari 4, 2021. Toka Machi! Hao wa mtihani ndio wanaoweza kujikalia peke yao nyumbani na ndio waliorudi kwanza. Naelewa mtihani, lakini si mnaona hesabu haikupigwa na mtu anayelea.

Na msiniambie corona imepita. Agosti 2022 shule zilifungwa kwa sababu ya uchaguzi, tarehe ya kurudi ikawa inasogezwa tu. Julai 2023 maandamano, tukaambiwa usiku kuwa kesho shule za kutwa za Nairobi na Mombasa zisifunguliwe. Usiku! Na mtoto yunifomu imeshapigwa pasi. 2024 mafuriko, shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29 na siku ileile ndiyo wazazi wengi wanasikia ni wiki ijayo, halafu wiki ijayo ikawa hatujui, mpaka zikafunguliwa Mei 13. Sababu zote za haki, hakuna anayetaka mtoto avuke mto uliofurika. Lakini nitafutieni tangazo moja kati ya hayo lililosema neno kwa mwajiri. Wanatajwa walimu, wanatajwa wakuu wa shule, wazazi tunatajwa mwishoni ati tuwaangalie watoto, kama kwamba tulikuwa tumekaa.

Ninachotaka mimi si kikubwa. Tangazo likitoka, liseme na kwa waajiri: mwenye mtoto wa chini ya miaka minane apunguziwe kazi kwa siku hizo, apewe ruhusa yenye mshahara hata kama ni nusu siku, na isikatwe kwenye zile 21. Mitingi iwekwe saa moja inayojulikana, si kuitana-itana. Na kampuni ikishindwa yote hayo basi isiandike kwenye barua kwamba ina "mazingira rafiki kwa familia", iseme tu hatuwezi, tujue mapema, kila mtu ajipange na dada yake, na dada alipwe hizo siku za ziada.

Kazini kwangu nimelipeleka hili kwa maandishi. Wamesema wataliangalia shule zikifungwa tena.