Kontroboksi ya Hilux isihukumiwe kabla ya kupimwa

Hilux Vigo ikivutwa hadi gereji kwa sababu stata inazungusha lakini injini haiwaki, na mashine ya kupimia haisomi chochote, mara nyingi hukumu hutoka mapema mno: kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, tafuta nyingine. Siikubali hukumu hiyo ikitolewa bila vipimo. Kompyuta ya injini mwenye gari hawezi kuikagua kwa macho, ndiyo maana ni rahisi kusingiziwa, na ikisingiziwa anatoa pesa nyingi kwa mkupuo mmoja. Fundi anayetaka ibadilishwe aonyeshe namba alizopima.

Nazungumzia Vigo za dizeli za kati ya 2005 na 2015, zenye injini ya 2KD-FTV ya cc 2,494 au 1KD-FTV ya cc 2,982. Hilux za zamani zenye injini za 2L na 3L zina pampu ya kimakanika na hazijui tatizo hili, na ni sababu mojawapo ya watu wa barabara mbovu kuzing'ang'ania mpaka leo. Kwenye Vigo, kontroboksi ndiyo inayoamua nozeli ipi ifunguke, saa ngapi na kwa muda gani. Imekaa upande wa abiria, nyuma ya sanduku la dashibodi, jirani kabisa na kiyoyozi. Bomba la kutolea maji ya kiyoyozi likiziba, zulia la abiria hulowa, na unyevu ukifika kwenye plagi, pini huota kutu ya kijani. Zulia likiwa bichi, anzia hapo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Washa ufunguo bila kupiga stata, tazama taa ya chekinjini. Ikiwaka, kompyuta inapata umeme na inafanya kazi kwa kiasi fulani. Isipowaka, washukiwa wa kwanza ni fyuzi, rilei kuu, eathi, na waya wa volti 5 wa sensa.

Kwenye umeme na eathi ndipo mafundi wengi wanapodanganywa na multimita. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12, kwa sababu multimita haivuti mkondo wa maana. Chukua balbu ya wati 21, ile ya indiketa, uiungie waya mbili. Upande mmoja shika eathi nzuri ya betri, upande wa pili gusa kila pini ya umeme wa kontroboksi, plagi ikiwa imechomolewa kwa ufunguo uliozimwa. Pini ya umeme wa kudumu, BATT, iwashe balbu wakati wote. Ile ya swichi ya ufunguo, IGSW, iiwashe ufunguo ukiwa umefunguliwa. Pini za +B hupata umeme kupitia rilei kuu, na rilei hiyo huamrishwa na kontroboksi yenyewe, kwa hiyo plagi ikiwa nje utalazimika kuiunganisha rilei kwa waya kwenye boksi lake ndipo uzipime. Kisha geuza: shika chanya ya betri, gusa pini za eathi, E1 na E01. Balbu iwake kwa mwanga kamili. Ikiwaka nyekundu iliyofifia, tatizo ni waya au bolti ya eathi kwenye injini, na kontroboksi mpya haitasaidia kitu.

Ukiridhika, rudisha plagi, upime volti 5 zinazokwenda kwenye sensa. Ziwe kati ya 4.5 na 5.5. Zikiwa sifuri, usikimbilie kusema kompyuta imeungua. Sensa moja iliyoshoti ndani, au waya wake uliosuguana na bodi, inaweza kuvuta volti hizo chini mpaka taa ya chekinjini izime na mashine ikose mawasiliano. Dalili zinafanana kabisa na za kontroboksi iliyokufa. Chomoa sensa moja moja: ya presha ya reli (bomba la pamoja linalolisha nozeli), ya presha ya hewa, ya pedali ya mafuta, huku unatazama multimita. Volti zikirudi ghafla, umempata mkosaji, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kontroboksi.

Kuna kosa jingine la majina. Chini ya boneti kuna kisanduku kingine, EDU, kinachopokea amri ya kontroboksi na kupeleka umeme mkali kwenye nozeli. Kikifa, kompyuta huandika kodi ya hitilafu P0200. Wapo wanaosoma kodi hiyo kisha wanabadilisha kontroboksi. Na usishike plagi za nozeli injini ikiunguruma: umeme ule ni mkubwa kuliko wa betri na unarusha.

Kontroboksi huungua kweli, hilo silikatai. Huungua mtu anapobusti betri kwa kugeuza nyaya, altaneta inapochaji kupita volti 15, au fundi wa kuchomelea anapounga bomba za bodi bila kufungua betri. Huungua pia pale koili ya nje inaposhoti na kuunguza transista inayoiendesha, na hili ndilo linalowatesa watu mara mbili. Kabla ya kufunga nyingine, pima SCV, valvu inayodhibiti mafuta kwenye pampu: omu 1.9 hadi 2.3 injini ikiwa baridi. Nozeli ziwe kati ya omu 0.85 na 1.05. Usipopima, kontroboksi ya pili itafuata njia ya kwanza. Kwa sababu hiyohiyo napinga tabia ya kuazima kontroboksi ya gari lisilo na tatizo "kujaribishia". Kwenye gari lenye immobilaiza, kinga ya wizi inayotambua ufunguo, haitawasha, hivyo jaribio halithibitishi lolote, na shoti ikiwepo umeharibu magari mawili.

Sasa tuseme imethibitika imekufa. Soma karatasi iliyobandikwa juu yake. Namba za Hilux hizi huanza na 89661 na kufuatiwa na 0K. Namba yote ilingane, mpaka tarakimu ya mwisho. Muuzaji wa spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, akikwambia "hii inaingia", ana haki: plagi itaingia. Lakini 2KD na 1KD zina tabo na mpangilio tofauti, gia ya kawaida na otomatiki hazifanani, na zilizotoka Ulaya zina mambo ya kudhibiti moshi ambayo gari lako halina. Plagi kuingia si kulingana.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha vichwa vya nozeli. Kwenye injini yenye intakula juu itabidi uitoe kwanza. Kila nozeli ina kodi yake iliyoandikwa juu, yenye jumla ya herufi na tarakimu 30, inayoeleza kasoro ndogo za nozeli hiyo ili kompyuta izifidie. Futa kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki. Brashi ya waya itakwangua maandishi. Kodi zote nne ziingizwe kwenye kontroboksi mpya kwa mashine, kila moja kwenye silinda yake. Zisipoingizwa, kodi ya hitilafu P1601 itajiandika, injini itatetemeka ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) na moshi utaongezeka, kisha mwenye gari ataambiwa nozeli nazo zimekufa. Kama nozeli ziliwahi kubadilishwa, fuata kilichoandikwa juu ya nozeli, usiamini kilichomo kwenye kumbukumbu ya zamani.

Ufungaji wenyewe ni mwepesi. Zima ufunguo, fungua hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 kwa ajili ya eabegi, toa sanduku la dashibodi, kisha nati kwa spana namba 10. Fungua kufuli la plagi, usivute waya. Gusa chuma cha bodi kabla ya kushika kontroboksi, na usiguse pini zake kwa vidole.

Immobilaiza ndiyo inayowakwamisha wengi baada ya hapo: stata inapiga, injini haiwaki. Kwenye Toyota nyingi ambazo immobilaiza ina kisanduku chake, kompyuta mpya hutambulishwa bila mashine. Unganisha kwa waya pini ya 13 na ya 4 za soketi ya kupimia, yaani TC na CG, washa ufunguo bila kupiga stata, uache dakika 30. Zima, toa waya, jaribu. Hakikisha betri ina chaji ya kutosha. Kontroboksi iliyotumika ikigoma, njia iliyobaki ni kuhamisha data kutoka kwenye chipu ya kumbukumbu ya ile ya zamani, ambayo katika kontroboksi nyingi za Denso za zama hizo ni chipu ndogo ya miguu 8. Fundi aisome mara mbili na kulinganisha kabla ya kuandika. Ndiyo maana nasisitiza: kontroboksi mbovu usimwachie mtu, hata kama anakupunguzia bei. Ndani yake kuna ufunguo wa gari lako.

Injini ikiwaka, usilipe bado. Ikiwa baridi, joto la maji na joto la hewa kwenye mashine yakaribiane na hali ya nje. Presha halisi ya reli ifuatane na ile inayotakiwa, ikiwa sailensa na ukikanyaga pia. Ikishapata moto, fanya zoezi la kujifunza ujazo wa mafuta kwa kutumia mashine, kisha iendeshe kwenye mlima ikiwa na mzigo, na usome kodi tena ukirudi.