Kikao cha mawazo kianze kwa ukimya

Mahali pengi pa kazi, tatizo likishindikana, mkuu wa idara huita kikao cha kubungua bongo. Watu huketi kuizunguka meza, mmoja hushika kalamu na kusimama penye ubao, kisha kila mwenye wazo hualikwa kulitamka. Baada ya saa nzima ubao huwa umejaa na watu huondoka wakiwa wamechangamka, lakini ni wachache wanaotambua kwamba karibu yote yaliyoandikwa yametoka vinywani mwa watu wawili au watatu walewale. Msimamo wangu ni kwamba mpangilio huu, pamoja na nia njema ya wanaouendesha, hupoteza mawazo mengi yaliyokuwa tayari vichwani mwa watu, na kwamba dawa yake haina gharama: kila mtu aandike kwanza, peke yake, kabla yeyote hajafungua kinywa.

Utaratibu wenyewe ulienezwa na Alex Osborn, mmoja wa wakuu wa kampuni ya matangazo ya BBDO ya New York, hasa kupitia kitabu alichokichapisha mwaka 1953. Aliweka kanuni nne: wazo lisihukumiwe wakati wa kukusanya, wingi utafutwe, mawazo ya ajabu yakaribishwe, na wazo la mwenzako liendelezwe. Kanuni hizo bado ni nzuri na sioni sababu ya kuzitupa. Ninachokikataa ni dai aliloliambatanisha nazo, kwamba mtu wa kawaida huibua mawazo mara mbili zaidi akiwa katika kundi kuliko akiwa peke yake. Mwaka 1958 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Donald Taylor, Paul Berry na Clifford Block, walilipima dai hilo. Waliwalinganisha watu wanne waliofanya kazi pamoja na wanne waliofanya kazi kila mmoja kivyake, kisha orodha za hao wa pili zikaunganishwa na mawazo yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja tu. Waliotengana walitoa karibu mara mbili ya walioketi pamoja, na tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea upande huohuo.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu linaloniridhisha zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, mwaka 1987, pale Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walipochunguza sababu tatu zilizokuwa zikitajwa: kwamba watu hutegeana, kwamba huogopa kuhukumiwa, na kwamba huzuiana kwa sababu hawawezi kusema kwa wakati mmoja. Katika mojawapo ya majaribio yao, washiriki walikaa vyumba tofauti, lakini taa ziliwaonyesha ni lini mwenzao anasema, na baadhi yao hawakuruhusiwa kusema mpaka mwenzao amalize. Kusubiri zamu kulitosha kushusha idadi ya mawazo kwa kiasi kikubwa, hata pale ambapo hakukuwa na mtu wa kumwogopa wala wa kumtegea. Anayesubiri hulazimika kulishikilia wazo lake asilisahau, na akiwa analishikilia hawezi kutafuta jingine. Wakati huohuo anasikiliza ya mwenzake, ambayo yanamvuta upande ambao hakukusudia kwenda. Zamu yake inapofika, wazo limepoa, au amejishawishi kwamba halina maana.

Naliona jambo hili kuwa zito kwa sababu linabadilisha lawama. Kiongozi anayelalamika kwamba watumishi wake hawana ubunifu anapaswa kwanza kujiuliza kama amewahi kuwapa nafasi ya kufikiri bila kukatizwa. Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kusema kwa wakati mmoja, lakini watu wanane wanaweza kuandika kwa pamoja. Isitoshe, palipo na mkubwa, kauli yake ya kwanza hugeuka mpaka ambao wengine hawauvuki. Hata akiapa kwamba anataka kupingwa, mwajiriwa mpya hawezi kuliweka wazo lake kando ya wazo la mtu anayesaini barua yake ya ajira. Karatasi zisizo na majina, zikisomwa na mtu mmoja kwa sauti ileile, huondoa sehemu kubwa ya uzito huo.

Njia za kufanya hivyo zipo tangu zamani. Mwaka 1968 Mjerumani Bernd Rohrbach alieleza utaratibu wa watu sita, mawazo matatu na dakika tano: kila mtu huandika mawazo matatu kwa dakika tano, humpitishia jirani karatasi, na jirani huandika mengine matatu akiwa ameyasoma ya aliyemtangulia. Baada ya raundi sita, yaani nusu saa, karatasi zote huwa na mawazo 108. Mengi hufanana, bila shaka, lakini kila mmoja ameandika sawa na mwenzake, na kuliendeleza wazo la mwingine, jambo ambalo Osborn alilitaka, kumefanyika bila kugombea nafasi ya kusema. Kwa timu ndogo napendelea jambo jepesi zaidi: dakika kumi za kuandika kimya, karatasi zikusanywe, zisomwe zote, ndipo mazungumzo yaanze.

Najua pingamizi lake. Wahenga walisema penye wengi pana mengi, na wapo watakaoona kwamba kuwatenga watu ni kuua moyo wa timu. Naikubali hoja hiyo kwa nusu. Mazungumzo yana nguvu yake, ila nguvu hiyo iko katika kuuliza, kuunganisha na kurekebisha. Spencer Silver wa kampuni ya 3M aligundua mwaka 1968 gundi dhaifu inayobanduka bila kuacha alama, na kwa miaka kadhaa akawa anaieleza kwa wenzake bila kuipatia kazi ya maana. Mwaka 1974 Art Fry, aliyewahi kumsikiliza, ndiye aliyeona kwamba ingeweza kuzishika alama za kurasa zilizokuwa zikidondoka kutoka kitabu chake cha nyimbo za kwaya. Mmoja alikuwa na jibu, mwingine alikuwa na shida, na kila mmoja alikuwa ametafakari lake peke yake kabla ya hayo mawili kukutana. Bila kusikilizana, karatasi zile ndogo za kubandika zisingepatikana.

Swali nalo litayarishwe mapema na liandikwe. "Tuboresheje huduma?" halimpi mtu pa kuanzia, "Kwa nini mteja aliyepiga simu leo analazimika kupiga tena kesho?" linampa.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni uchaguzi. Mwaka 2006 Eric Rietzschel, Bernard Nijstad na Stroebe walionyesha kwamba waliofanya kazi peke yao walitoa mawazo mengi na mapya zaidi, lakini ilipofika kuchagua, mawazo waliyoyateua hayakuwa bora kuliko ya waliofanya kazi pamoja. Faida yote ilipotelea mlangoni. Kwa hiyo nashauri uchaguzi ufanyike siku nyingine, vigezo viandikwe kabla ya kura, na upya wa wazo uwe mojawapo ya vigezo hivyo, kwa sababu watu wakiachwa hivihivi huelemea kwenye yale yanayotekelezeka kirahisi. Wazo likishateuliwa, lipitishwe katika zoezi alilolieleza mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007: timu ijifanye kwamba mradi umekwisha kushindwa vibaya, kila mmoja aandike kimya sababu za kushindwa huko, kisha zisomwe zote. Watu ambao wasingethubutu kuupinga mpango wa mkuu wao huandika hapo mambo mazito, kwa kuwa sasa wameombwa kufanya hivyo.

Na kwa kila wazo lililoachwa, timu ielezwe sababu kwa sentensi moja au mbili. Kiongozi asipofanya hivyo, kikao kijacho atazipokea karatasi zikiwa nusu tupu.