Kuku wa theluji na kuku wa Kisauni

Binamu yangu anayeishi Minnesota, Marekani, alitutumia picha ya kuku wake sita wamesimama kwenye theluji. Hapa Kisauni hukumu ikatoka papo hapo: ukatili mtupu. Shangazi akasema kuku ni kiumbe wa jua. Nami niliitikia, mpaka nilipotoka uani saa nane mchana.

Ilikuwa Februari, upepo umelala, bati la banda haligusiki. Tetea wangu mweupe kaachama, mbawa kaziachia, koo linampwita. Kuku hatoki jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na njia yake kubwa ya kulipunguza ni kuhema. Lakini hewa yetu ya pwani imeshajaa unyevu, kwa hivyo hahemi kwa faida kubwa. Akihema hivyo kutwa, hupoteza hewa ukaa nyingi mwilini na maganda ya mayai huwa mepesi. Ndiyo yale yanayokuvunjikia mkononi kabla hujafika jikoni.

Kule baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, kuku mzima hututumua manyoya, akakalia vidole vyake, akalala. Kinachomdhuru zaidi ni unyevu: pumzi na kinyesi vikifungiwa ndani, undu, ile nyama nyekundu ya kichwani, huganda ikafa. Kwa hivyo banda huachiwa matundu ya hewa juu, jambo ambalo Shangazi aliliona wazimu. Ubishi uko kwenye taa ya kupashia banda joto. Kwa vifaranga sina neno. Kwa kuku wazima, taa ya moto juu ya maranda makavu naiona hatari kuliko baridi yenyewe.

Ila mfugaji wa kule ana kazi, tusimdhulumu. Maji yanaganda, ayabadilishe kila mara. Na Desemba jua likizama saa kumi na nusu jioni, tetea hupunguza kutaga, maana hutaka mwanga wa kama saa 14 kwa siku. Sisi tunapata 12 mwaka mzima, mayai hayakatiki hivyo.

Kwa hivyo kule naona anayetaabika ni mfugaji, huku ni kuku. Nimeshatandaza makuti juu ya bati, na maji nayaweka kwenye chungu, kivulini. Shangazi bado anauliza kama kuku wa Minnesota wanaweza kushonewa sweta.