Durham na Lawama Zinazobebeshwa Ghorofa Zake

Kila Baraza la Jiji la Durham, Carolina Kaskazini, linapokaa kusikiliza ombi la kujenga jengo jipya la fleti katikati ya jiji, hoja za wananchi huwa zinajulikana kabla kikao hakijafunguliwa. Upande mmoja husema kwamba majengo haya ni ya wenye nacho, kwamba kodi ya pango imepanda tangu yalipoanza kuchomoza, na kwamba mitaa ya Wamarekani weusi iliyo jirani inamomonyoka mwaka hadi mwaka. Upande wa pili husema kwamba watu wanahamia Durham, wajengewe wasijengewe, na lazima walale mahali. Upande wa kwanza una historia nzito nyuma yake, ndiyo maana huzungumza kwa uzito wa kimaadili ambao wa pili hauna. Anayetetea ujenzi huhesabiwa papo hapo kuwa msemaji wa wawekezaji. Kwa maoni yangu, huyo wa pili hajasikilizwa inavyostahili, na kutosikilizwa kwake kunawaumiza watu walewale ambao wa kwanza anataka kuwalinda.

Historia hiyo hairukwi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Durham ilikuwa mfano uliotajwa kote Marekani wa mafanikio ya kiuchumi ya watu weusi: kampuni ya bima ya North Carolina Mutual, iliyoanzishwa mwaka 1898, na benki ya Mechanics and Farmers zilikuwa na ofisi katika barabara ya Parrish, na kusini ya reli ulistawi mtaa wa Hayti wenye makanisa, maduka, hoteli na kumbi za burudani. Mwaka 1962 wapiga kura waliidhinisha fedha za kile kilichoitwa kufufua miji, na viongozi wengi weusi waliunga mkono kwa sababu waliahidiwa nyumba bora na maduka mapya. Kilichofuata ni tingatinga. Familia zaidi ya 4,000 na biashara zipatazo 500 ziliondolewa, barabara kuu namba 147 ikapitishwa katikati ya mtaa, na sehemu kubwa ya kilichoahidiwa haikujengwa. Kwa hiyo bibi wa miaka 80 anaposimama mbele ya madiwani na kusema kwamba hawaamini tena watu wenye ramani, anazungumza kwa ushahidi. Yeyote anayetetea ujenzi mpya bila kuanzia hapo hastahili kusikilizwa Durham.

Hata hivyo, ushahidi huo unahusu tendo maalumu: serikali kutwaa nyumba zilizokuwa na watu ndani na kuzibomoa. Ghorofa za sasa zimejengwa wapi? Kiwanda cha American Tobacco kilifungwa mwaka 1987, kikakaa miaka mingi madirisha yakiwa yamevunjika, mpaka kilipofunguliwa upya mwaka 2004 kikiwa na ofisi na migahawa, jirani na uwanja wa besiboli wa timu ya Durham Bulls uliofunguliwa mwaka 1995. Ukumbi mkubwa wa maonyesho, DPAC, ulifuata mwaka 2008, na jengo la One City Center lenye ghorofa 27 likakamilika mwaka 2018. Sehemu kubwa ya majengo haya imekaa juu ya maegesho ya magari, maghala matupu na viwanja ambavyo hakuna mtu aliyekuwa akilala. Mtu anaweza kuyachukia kwa sura yake, kwa vivuli vyake, kwa bei ya kahawa inayouzwa chini yake, na yote hayo ni haki yake. Kusema kwamba yalifukuza waliokuwa wakiishi hapo ni jambo jingine.

Waliohama wamehama kutoka kwingine. Tuchukue Walltown, mtaa wa nyumba ndogo za mbao ulio upande wa kaskazini wa eneo la mashariki la Chuo Kikuu cha Duke. Unabeba jina la George Wall, mhudumu aliyezaliwa utumwani na kuja Durham chuo hicho, kilichoitwa Trinity wakati huo, kilipohamia hapa mwaka 1892. Vizazi vya wafanyakazi weusi wa chuoni na viwandani walinunua nyumba hapo. Walltown haina mnara wa fleti. Ina nyumba za vyumba viwili au vitatu zilizonunuliwa moja moja, zikavuliwa ubao wa nje, zikapakwa rangi mpya na kuuzwa tena kwa bei ambayo mjukuu wa mwenye nyumba wa zamani hawezi hata kuijadili. Hayo yalitokea pia Cleveland-Holloway, na yanaendelea Durham Mashariki. Mitaa iliyobadilika haraka kuliko yote ni ile ambamo karibu hakuna kilichoongezwa: idadi ya nyumba ilibaki karibu ileile, wakabadilika waliomo.

Sababu yake ni ya hesabu. Mwaka 1990 jiji lilikuwa na watu 136,611. Mwaka 2010 walikuwa 228,330. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu 283,506. Hawa hawakuja kwa sababu ya ghorofa. Walivutwa na ajira za hospitali na maabara za Duke na za kampuni zilizo katika eneo la utafiti la Research Triangle Park. Mtafiti mwenye mshahara mzuri anayekosa fleti katikati ya jiji hafungi virago kurudi alikotoka. Huenda Walltown, anapanda dau juu ya familia iliyokuwa ikiitaka nyumba ileile, na anashinda kila mara. Jengo la fleti 300 juu ya maegesho, hata kama kila fleti yake ni ghali, linawapa watu kama huyo pa kwenda, na kila anayeingia humo ni mshindani mmoja aliyepungua katika mnada wa nyumba za mbao. Wapangaji wa kipato cha chini, wakiwamo familia za Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopewa makazi mapya hapa kama wakimbizi, ndio wa mwisho katika foleni hiyo, na ndio ambao uhaba huwalemea zaidi kwa sababu hawana cha kuongeza kwenye dau.

Lakini jambo ninalotaka kukaa nalo kwa muda ni kodi ya majengo, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana na kueleweka kidogo. Kila baada ya miaka kadhaa, na hivi karibuni ilikuwa 2016, 2019 na 2025, Kaunti ya Durham huthamini upya kila kiwanja na kila nyumba. Mwenye nyumba hupokea barua yenye thamani mpya, na katika mitaa iliyo karibu na katikati ya jiji barua hiyo huleta hofu. Wengi husema: ghorofa zimepandisha thamani, thamani imepandisha kodi. Sheria ya jimbo, hata hivyo, inataka katika mwaka wa uthamini mpya kitangazwe kiwango cha kodi ambacho kingeleta mapato yaleyale kama uthamini usingefanyika. Kwa kiwango hicho, kama thamani za wote zingepanda kwa uwiano mmoja, hakuna ambaye angelipa zaidi. Anayeumia ni yule ambaye nyumba yake imepanda kuliko wastani.

Tuweke mfano. Nyumba ya bibi karibu na katikati ya jiji ilithaminiwa dola 100,000, sasa ni 250,000. Imezidishwa mara mbili na nusu. Wastani wa kaunti umezidishwa mara moja na nusu tu. Kiwango kikishushwa ili mapato yabaki palepale, kodi ya bibi inapanda kwa theluthi mbili. Wakati huohuo, nyumba kubwa ya pembezoni iliyopanda kutoka 400,000 hadi 500,000 inalipa pungufu kwa sudusi moja. Hakuna diwani aliyepiga kura kumhamishia bibi mzigo wa jirani yake tajiri, na bado umehamishwa. Sasa ongeza kwenye hesabu hiyo mnara wa mamilioni ya dola juu ya kiwanja ambacho jana kilikuwa lami na mistari ya kuegeshea magari. Mnara huo unaingiza mlipaji mpya katika jiji ambalo mwajiri wake mkubwa kuliko wote, Duke, amesamehewa kodi kwa sehemu kubwa ya ardhi anayoitumia kwa elimu. Ukiuzuia, bajeti ya shule na zimamoto haipungui. Inatafutwa kwa waliobaki, na bibi ni mmoja wao.

Kuna nafuu katika sheria, lakini itazame kwa karibu. Mwenye umri wa miaka 65 au zaidi na kipato kidogo anaweza kuomba nusu ya thamani ya nyumba yake iondolewe kwenye hesabu, au aombe kodi yake isizidi asilimia 4 au 5 ya kipato chake. Njia hii ya pili huombwa upya kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Juni, na kiasi kisicholipwa hakifutwi: hukaa juu ya nyumba kama deni, na siku mwenye nyumba anapofariki au kuuza, deni la miaka mitatu ya mwisho hudaiwa pamoja na riba. Zaidi ya hayo, kwa njia hii ya pili kila mmiliki wa nyumba lazima atimize masharti. Nyumba nyingi za watu weusi wa Kusini ni za urithi usiogawanywa, baba alifariki bila wosia na hati bado ina jina lake. Dada mwenye miaka 72 anayeishi humo anamiliki pamoja na wadogo zake watatu walioko Atlanta na New Jersey. Yeye anastahili, wao hawastahili, basi nyumba nzima inakosa nafuu hiyo ya pili. Sijasikia jambo hili likijadiliwa hata kwa robo ya muda unaotumika kubishania urefu wa jengo moja.

Wanaopinga wana jibu, na lina nguvu. Wanasema fleti za ghali hushuka bei polepole mno, kwamba mpangaji anayepokea notisi mwezi huu hawezi kungoja miaka 20 mpaka jengo jipya lichakae limfikie, na kwamba ghorofa moja inayong'aa huwaonyesha walanguzi kuwa mtaa wa jirani umeiva. Mawili ya mwanzo ni kweli kabisa. Soko peke yake halitamjengea mfagizi wa hospitali, na jimbo limelifunga jiji mikono: sheria ya mwaka 1987 inakataza udhibiti wa kodi ya pango, hivyo Baraza haliwezi kumwamuru mjenzi kupangisha kwa bei fulani, linaweza tu kujadiliana naye anapohitaji kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi. La tatu nalitilia shaka, kwa kuwa walanguzi walikwenda Durham Mashariki bila kusubiri kreni yoyote.

Na hapo ndipo upande wa ujenzi unapopaswa kuwa mkali kuliko ulivyo. Novemba 2019, zaidi ya robo tatu ya wapiga kura waliidhinisha hatifungani ya dola milioni 95 kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu, ikipigiwa debe na meya wa wakati huo, Steve Schewel. Kando ya kituo kikuu cha mabasi, juu ya ardhi ya jiji, zimejengwa fleti 82 za Willard Street kwa watu wa kipato cha chini, ambao wanashuka ngazi na kupanda basi bila kuhitaji gari. Jengo hilo ni refu, liko katikati, ni jipya, na ndani yake wanaishi watu ambao ghorofa zinasemekana kuwafukuza.

Kinyume chake ni Fayette Place, katika eneo la Hayti ya zamani. Nyumba za umma zilizokuwa hapo ziliuzwa kwa kampuni binafsi, zikabomolewa mwaka 2009, na kwa miaka mingi zilibaki sakafu za zege tupu ndani ya uzio, zimepangwa safu kwa safu juu ya kilima, majani yakiota kwenye nyufa. Mamlaka ya nyumba iliinunua tena ardhi hiyo mwaka 2017. Hakuna mwekezaji aliyejenga mnara pale. Hasara ya Fayette Place ililetwa na kutojenga, na waliokosa makazi kwa miaka yote hiyo walikuwa weusi na maskini.

Mwaka 2019 Baraza lilipolegeza masharti ya kujenga nyumba za familia mbili na vijumba vya uani katika mitaa iliyokuwa ya nyumba mojamoja, upinzani ulitoka pia katika mitaa yenye miti mikubwa na wakazi wenye mikopo ya nyumba iliyokwisha lipwa, na baadhi yao walitumia lugha ya kulinda watu weusi huku wakilinda nyasi zao. Sisemi hivyo kuhusu wazee wa Hayti. Nasema kwamba uchungu wa wazee hao umeazimwa na watu ambao hawakupoteza kitu mwaka 1962, na Baraza limekuwa zito kutofautisha sauti hizo mbili.

Kama madiwani wanataka kuwaheshimu walioumizwa, kazi ipo mezani. Ardhi ya makao makuu ya zamani ya polisi, ekari zipatazo 4 katika barabara ya West Chapel Hill, ni mali ya jiji na polisi walihama mwaka 2018. Ijengwe fleti kama za Willard Street, nyingi na kwa kwenda juu. Kaunti ilipe mawakili wa kusafisha hati za nyumba za urithi katika Walltown, Durham Mashariki na mabaki ya Hayti kabla ya uthamini mwingine kufika. Na wabunge wa Durham walioko Raleigh, makao makuu ya jimbo, wapeleke mswada wa kumruhusu mrithi mkazi kupata nafuu hiyo ya pili ya kodi kwa sehemu yake, hata kama ndugu zake walioko mbali hawastahili.