Usikate tiketi kabla hujapata kazi

Kila wiki napata meseji ya aina moja, nyingine kutoka kwa watu ninaowajua na nyingine kwa watu ambao hatujawahi kuonana, mtu ana fani yake nzuri tu, fundi umeme, nesi, mhasibu, mtu wa programu za kompyuta, ananiambia kaka nimeshaamua, nauza vitu vyangu naondoka kwenda nje ya nchi, kazi nitaitafuta hukohuko nikifika. Na mimi jibu langu ni lilelile siku zote: subiri kwanza. Usiuze kitu. Kazi itafute ukiwa hapohapo ulipo, unalala kwako na mshahara wako unaingia hata kama ni mdogo, maana mtu mwenye njaa hana ubavu wa kukataa mkataba mbovu na waajiri wabaya wanalijua hilo vizuri mno.

Najua wengi hawapendi kusikia hivi. Wanasema mwajiri wa nje hamjibu mtu aliye mbali, anamtaka aliyeko palepale anayeweza kuja intavyuu kesho asubuhi. Ukweli upo hapo, sikatai. Ndo maana Ujerumani walianzisha ile Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, tarehe 1 Juni 2024, ambapo kwa wengi ni hesabu ya pointi, ukifikisha 6 pamoja na masharti ya elimu na lugha unapewa hadi mwaka mmoja wa kukaa kule ukitafuta kazi, na katikati unaruhusiwa kibarua kisichozidi masaa 20 kwa wiki. Ni njia halali kabisa. Lakini lazima uonyeshe una hela ya kujikimu, na hela hio inapungua kila mwezi, na mwaka mmoja kwa mtu ambaye lugha bado inamsumbua na vyeti vyake havijatambuliwa ni muda mfupi sana jamani. Ukimaliza miezi tisa kule huna kitu, utasaini chochote utakachowekewa mezani. Mtu akiniambia anaenda na kadi hio na tayari ana intavyuu mbili tatu alizozipanga kabla hajapanda ndege, hapo namwombea heri kwa moyo mmoja.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho wengi wanakiacha mwisho wakati ndicho cha kuanza nacho, cheti chako kinasomekaje kule unakokwenda.

Mimi ni fundi umeme wa viwandani. Nilituma maombi karibu mwaka mzima, CV ileile, barua ileile, kimya. Nikaanza kuamini kwamba tatizo ni pasipoti yangu tu na kwamba milango imefungwa, nikakaribia kukata tamaa kabisa. Afu siku moja dada mmoja wa idara ya ajira kwenye kampuni moja ya Ujerumani akanijibu, kwa upole tu, kwamba wao hawana namna ya kujua diploma yangu ni sawa na nini kwao. Basi. Hakuna aliyekuwa amenikataa kwa sababu ya ufundi wangu, walikuwa hawajui wananilinganisha na nani. Kule kwa fani za viwanda na biashara kuna ofisi inaitwa IHK FOSA iko Nürnberg, unapeleka vyeti na barua zako za kazi zikiwa zimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, wao wanalinganisha mafunzo yako na fani ya kwao, yangu ililinganishwa na Elektroniker für Betriebstechnik, yaani fundi umeme wa viwandani wa kwao, kisha wanakwambia ni sawa kabisa, ni sawa kwa sehemu, au hapana. Mimi nilipata ya sehemu, na kwenye karatasi wakaandika kabisa nini kinapungua. Unaweza kudhani jibu la sehemu ni pigo, lakini karatasi ile ndiyo ilianza kunifungulia intavyuu, kwa sababu mwajiri sasa aliona pengo ni dogo na linazibika kwa mafunzo kazini.

Kila nchi ina utaratibu wake na kila fani ina mlango wake, hapa hakuna kukisia. Australia wahandisi wanakaguliwa na Engineers Australia, watu wa kompyuta na ACS, yaani chama cha wataalamu wa kompyuta wa kule, mafundi wengi wanapitia Trades Recognition Australia, na bila hio tathmini ya ujuzi viza za pointi hata usizifikirie. Nesi anayetaka Uingereza anashughulika na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la kule, mtihani wa kwanza wa kompyuta anaweza kuufanyia nje ya Uingereza, ule wa vitendo wa OSCE ndo anaufanyia kule baada ya kufika, kwa hio nesi ambaye ameshafaulu wa kwanza na ana matokeo ya Kiingereza mkononi ni mtu tofauti kabisa mbele ya hospitali na yule anayesema nitafanya nikifika. Na kuna fani ambazo hazina kizuizi hicho, mfano mtu wa programu za kompyuta Ujerumani anaweza kupata EU Blue Card, kibali cha Umoja wa Ulaya cha kuishi na kufanya kazi kwa wenye ujuzi wa juu, hata bila digrii kama ana uzoefu wa miaka mitatu ndani ya saba iliyopita na mshahara wa ofa yake umefika kiwango kinachotakiwa. Kwa hio ujue kwanza fani yako ni ya kundi lipi kabla hujapoteza miezi.

Na barua za kazi! Hapa nasisitiza kwa sababu iliniuma. Barua ya kwamba fulani alikuwa mwajiriwa wetu mwenye bidii na nidhamu haisaidii chochote. Wanaokagua wanataka barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, cheo, masaa kwa wiki na hasa kazi ulizokuwa unafanya, mashine gani, mifumo gani, ulisimamia wangapi. Kampuni yangu ya kwanza ilifungwa, nikatumia wiki nyingi kumtafuta msimamizi wangu wa zamani, namba imebadilika, imeili imekufa, na nilipompata ikabidi nimwandikie rasimu mwenyewe maana alishasahau nusu ya mambo. Omba barua hizo leo, ukiwa bado kazini na mnaelewana na bosi, hata kama safari ni ya miaka mitatu ijayo.

Baada ya hapo ndo unatafuta, na unatafuta kwa waajiri wanaoweza kukuchukua. Huko nyuma nilikuwa natuma popote pale penye tangazo, kosa kubwa. Uingereza mwajiri haruhusiwi kukuleta kwa viza ya Skilled Worker, yaani ya wafanyakazi wenye ujuzi, bila leseni ya udhamini, ile ruhusa ya serikali ya kuajiri watu kutoka nje, na orodha ya wenye leseni serikali inaiweka wazi mtandaoni bure, kampuni na taasisi zaidi ya laki moja ziko humo. Yaani una orodha ya waliokwisha kuingia gharama, kwa nini umwandikie ambaye hajawahi? Mwelewe mwajiri pia, kumleta mtu kutoka nje kunamgharimu, kuna leseni, kuna cheti cha udhamini, kuna tozo inayohesabiwa kwa kila mwaka wa udhamini, hivyo yule mwenye duka la watu watatu hata akikupenda vipi atasitasita. Kanada nako kwa kazi nyingi mwajiri anaomba kwanza kibali cha LMIA, tathmini ya serikali kuhusu kama kweli anahitaji mtu wa nje, analipa dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi na haruhusiwi kukudai wewe gharama hio. Ukiyajua haya hata barua yako inabadilika, unamwambia mapema kwamba utahitaji udhamini, cheti kimekaguliwa, lugha iko kiwango hiki, unaweza kuanza mwezi fulani. Usifiche suala la udhamini ukidhani watakupenda kwanza, watakasirika tu mbele ya safari.

Lugha nitaisema kwa kifupi kwa sababu hakuna njia ya mkato. Soma. Nilipofika B1 ya Kijerumani, yaani kiwango cha kati, intavyuu ziliacha kuwa mateso.

Sasa hili la mawakala. Nilimlipa wakala mmoja, hela niliyokuwa nimeiweka kwa miaka, akaniahidi ofa ndani ya miezi miwili, nikaletewa karatasi yenye nembo nzuri na mshahara mnono, nilipoiandikia kampuni yenyewe kwa imeili iliyoko kwenye tovuti yao wakasema hawanijui na hawana nafasi hio. Hela haikurudi. Tangu siku ile nina msimamo mmoja ambao siubadilishi: anayekuuzia kazi hana kazi. Siyo mawazo yangu peke yangu, mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi imeruhusu hali chache maalumu. Anayefaidika na kupata mfanyakazi ni mwajiri, basi alipe mwajiri. Angalia Kanada, kwenye mfumo wao wa Express Entry, wa kuchagua wahamiaji kwa pointi, ofa ya kazi ilikuwa inaongeza pointi 50 au 200, watu wakaanza kununua na kuuza ofa kama bidhaa, mpaka serikali ikaziondoa pointi hizo tarehe 25 Machi 2025. Waliokuwa na ofa za kweli nao wakazikosa pointi zao. Inaniuma sana hii kwa sababu hao walifanya kila kitu sawasawa.

Mtu ataniuliza, kaka si unasema tupate kazi kwanza, mbona kuna watu walikwenda na kazi mkononi wakateseka? Swali zuri na lazima lijibiwe. Uingereza kwenye kazi za kulea wazee na wagonjwa, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilizifuta leseni za waajiri zaidi ya 470 wa sekta hio, na leseni hizo zilikuwa zimewadhamini wafanyakazi zaidi ya 39,000. Watu wenye viza halali, wana barua, wanafika wanakuta masaa ya kazi hayapo. Julai 2025 njia hio ikafungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Kwa hio kuwa na ofa peke yake hakutoshi, mchunguze aliyekupa. Kwa Uingereza unaingia Companies House, tovuti ya usajili wa kampuni, bure, unaona kampuni imeanzishwa lini, wakurugenzi ni nani, imewahi kupeleka hesabu zake au la. Kampuni ya miezi minne inayosema inahitaji watu hamsini, kimbia. Omba intavyuu ya video na yule atakayekuwa msimamizi wako hasa. Omba kuongea na mfanyakazi mmoja aliyeko pale, mwajiri mwema hana sababu ya kukunyima, na wangu hakuninyima, nilipewa namba ya fundi mwenzangu tukaongea karibu saa nzima kuhusu zamu, nyumba, na bosi akikasirika anakuwaje.

Soma mkataba ukijua kwamba kibali chako kimefungwa kwa huyo mtu. Kazi ikiisha Uingereza kwa kawaida unabaki na siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Australia tangu 1 Julai 2024 wenye viza za udhamini wanapewa hadi siku 180 kwa mara moja, na hio ni tofauti kubwa sana kwa mtu mwenye watoto shuleni, mimi ningeipa uzito kuliko hata mshahara wakati wa kuchagua nchi. Ujerumani kuna kipindi cha majaribio, kinaweza kufika miezi sita, na ndani yake mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya wiki mbili. Ndo maana familia nilisema ibaki mpaka miezi sita iishe, mke wangu hakupenda na nilimwelewa, ilikuwa miezi migumu kwetu wote wawili, lakini ningerudia uamuzi uleule. Na ule mshahara ulioandikwa kwenye ofa ujue ni kabla ya makato, kwa mtu asiye na familia kule kodi na bima vinaweza kula theluthi na zaidi, kwa hio piga hesabu na kinachobaki.

La mwisho ni hili la kuacha kazi uliyonayo. Kuna watu wakipata ofa tu wanamwaga barua kwa bosi siku hiyohiyo, furaha imewazidi. Ofa siyo viza. Ubalozi unaweza kuchukua wiki au miezi, karatasi moja ikikosekana unarudi nyuma ya foleni, na mwajiri wa nje anaweza kubadili mawazo katikati. Mimi niliendelea kuingia zamu kama kawaida, sikumwambia mtu kazini isipokuwa rafiki yangu mmoja, karibu miezi mitano. Siku pasipoti iliporudi na viza ndani niliifungua nikasoma jina langu herufi kwa herufi, tarehe, jina la mwajiri, nikarudi nyumbani nikaandika barua ya kuacha kazi, na kesho yake asubuhi nikampelekea bosi kwa mkono kabla zamu haijaanza.