Wachache Mpaka Mwisho

Nina maoni ambayo huenda yasiwafurahishe wafadhili wengi: shirika dogo linalolipia tiba ya watu waliopatwa na kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya mambo ya kutisha, lisishindane kufikia watu wengi. Lichukue wachache, liwafikishe mwisho, na liseme hivyo waziwazi kwenye ripoti yake ya mwaka.

Nayasema haya kwa kuwa kuna mfuko mmoja mdogo ninaoufahamu vizuri huku Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, unaolipia tiba ya mazungumzo kwa wakimbizi wa makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Jina silitaji. Wenyewe hawapendi kutajwa, na waliotibiwa wangeweza kutambulika. Mimi huwasaidia kazi ya ukalimani. Ofisi hawana, wana kaunta buku la hesabu na chumba cha kuazima nyuma ya kanisa. Anayeshika fedha ni nesi mstaafu ambaye sote twamwita Mama. Mwenyekiti ni mwalimu wa shule ya msingi. Yupo kijana wa bodaboda anayewaleta wagonjwa na kuwarudisha, na hajawahi kumuuliza hata mmoja alifuata nini pale. Washauri ni Wakongo watatu, wakimbizi kama hao wanaowasikiliza.

Kuna pia bibi mmoja anayelipwa kushika watoto. Mama ndiye aliyesimama kidete mpaka bibi huyo akaingizwa kwenye bajeti, na kila nikimwona na kitoto mgongoni namshukuru Mama moyoni. Mwanamke anayesimulia yaliyompata njiani kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, hawezi kusimulia mtoto wake akiwa mapajani, anasikia kila neno. Atakata maneno, atasema yuko sawa, ataaga. Ukisoma maombi ya fedha ya mashirika makubwa, mara ngapi umeona fungu la kumlipa mshika watoto?

Nakivale ni makazi ya zamani, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wako watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia. Uganda nzima ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, huku madaktari wa magonjwa ya akili wakiwa wachache mno, na wengi wao wako Kampala. Kwa hesabu hiyo, ukisema kila mwenye kiwewe aonwe na daktari bingwa, umesema wasionwe.

Bahati nzuri hakuna haja ya kusubiri. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulifanyika papo hapo Nakivale, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa muda wa wiki kadhaa. Baada ya vikao 6 na miezi kadhaa ya kufuatiliwa, asilimia 70 ya waliopata tiba ya kusimulia maisha hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Miongoni mwa walioachwa bila tiba, ni asilimia 37. Kabla ya hapo, mwaka 2003, utafiti mwingine wa vijiji 30 vya Masaka na Rakai ulionyesha kwamba watu wa kawaida wa huko wanaweza kuongoza vikundi vya kutibu sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kikao kimoja kwa wiki kwa wiki 16. Yote mawili yalifanyika hapa kwetu, kwa watu wetu.

Sasa tazama hiyo tiba ya kusimulia maisha inavyokwenda. Mshauri hutandaza kamba sakafuni. Kamba ndiyo maisha ya mtu, kutoka kuzaliwa mpaka leo. Mgonjwa huweka ua pale palipokuwa na heri, ndoa au mtoto au mavuno, na jiwe pale palipokuwa na shari. Kisha vikao vinavyofuata vinaipitia kamba hiyo kwa mpangilio wa miaka, na kwenye jiwe kubwa mnakaa. Ilikuwa wapi? Saa ngapi? Ulisikia nini? Mwili ulifanyaje wakati ule, na sasa hivi unafanyaje? Shida ya kiwewe ni kwamba kumbukumbu haina tarehe. Mlango ukigongwa usiku, mwili unaamini kwamba wale watu wamerudi leo. Tiba humsaidia mtu kuipa kumbukumbu mahali pake na mwaka wake. Mshauri huandika, humsomea kikao kijacho, humrekebisha, na mwisho kabisa simulizi lote lililoandikwa hukabidhiwa mwenyewe. Ni mali yake.

Ndiyo maana nusu ya tiba yaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa na tiba. Kumfikisha mtu kwenye jiwe lake kubwa, moyo ukaenda mbio na jasho likamtoka, halafu wiki inayofuata nauli imekwisha na mshauri haji, ni sawa na kumpasua mtu ukaondoka kabla ya kushona. Mfuko unaoanzisha watu mia na kumaliza ishirini umewaumiza themanini, na kwenye ripoti utaandika mia.

Kaskazini mwa nchi tuliyaona hayo. Vita vya waasi wa Joseph Kony vilipopamba moto, Gulu ilijaa magari ya mashirika. Bunduki ziliponyamaza mwaka 2006 na kambi zikaanza kufungwa, mengi yakafungasha. Waliobaki na ndoto za usiku walibaki nazo, wakiwa wameshasimulia kwa wageni wengi ambao hawakurudi kuwajulia hali.

Na hapo lipo jambo linalonichoma zaidi. Mfadhili hutaka picha na hadithi. Anataka kumwona mama analia, kisha anacheka. Watu wa mfuko huu wamekataa. Niliwahi kukaa nao kikaoni mtu mmoja mwenye nia njema alipowaomba hadithi moja tu, bila jina, kwa ajili ya harambee. Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, hadithi si zetu. Wenyewe wanazo nyumbani." Fedha ile haikuja. Naamini alifanya sawa, na ningependa kila mwenye mfuko afanye vivyo hivyo. Wapo wanaopenda kuwaambia wanawake wa kambini kwamba mficha uchi hazai, kana kwamba wajibu wote ni wa mwenye maumivu kufunguka. Kwanza msikilizaji athibitishe kwamba maneno hayatatoka chumbani.

Kuhusu huyo msikilizaji: alipwe mshahara. Katika makazi, mshauri mkimbizi mara nyingi huitwa mtu wa kujitolea, akapewa kitu kidogo cha sabuni, ilhali kazi yake ni kusikia mauaji na ubakaji saa moja na nusu kwa kila mgonjwa, tena mambo yanayofanana na yake mwenyewe. Kila wiki mbili washauri hawa watatu hukutana na mwanasaikolojia kutoka mjini, wanamweleza walichokibeba. Siku hiyo hawaoni mgonjwa yeyote na wanalipwa kama kawaida. Mfadhili akiangalia haraka ataona ni gharama ya utawala. Kwangu mimi hiyo ni tiba yenyewe, kwa sababu mshauri aliyechoka husikiliza kwa sikio moja, na mgonjwa hulitambua hilo mara moja.

Najua nitaulizwa: na walio kwenye foleni je? Swali ni la haki na linauma. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipokatwa kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini, foleni ilirefuka, na mfuko ukalazimika kununua unga wa uji, maana mtu mwenye njaa hana nguvu ya kurudi kwenye jiwe lake. Idadi ya wagonjwa ikapungua ili uji upatikane. Mama huwaambia walio foleni ukweli usoni: nafasi hakuna mwezi huu, wala siwaahidi mwezi ujao. Wengine huondoka kwa hasira, na wana haki yao.

Lakini foleni hiyo ni deni la serikali na la mashirika yenye mabilioni. Uganda ina sheria ya afya ya akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani. Ianze kuonekana kwenye vituo vya afya vya Isingiro, vyenye dawa na mtu wa kusikiliza. Tusiwabebeshe mzigo huo mwalimu na nesi mstaafu, kisha tukawalaumu kwa kuchukua wachache.

Kwa mwenye nia ya kutoa, ombi langu ni hili. Usilipie kikao. Lipia mtu mzima, kikao cha kwanza hadi cha mwisho, pamoja na bodaboda, uji, mkalimani, mshika watoto, na ile siku ya washauri kupumua. Ukishindwa peke yako, changishaneni wanne au watano. Na mwisho wa mwaka usiulize wangapi walianza. Uliza wangapi walimaliza, na kama mshauri wao bado yupo kazini.